Mjomba, Wanauza Sindano kwa Sauti Yako

Mpendwa Mjomba Apolinari,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sikulelewa kuanza kuongea na mjomba wangu bila kumwamkia, hata kama sasa ni mwaka wa tatu yuko chini ya udongo. Kwa hiyo nimekuamkia. Sasa nitakugombeza kidogo, halafu nitawagombeza wengine sana.

Wiki chache zilizopita nilikuwa Dumila sokoni na Fideli, mtoto wa dada yangu Skola. Tulikuwa tumepeleka karoti na tunatafuta vitunguu vya kurudi navyo. Likaja gari la matangazo kutoka upande wa Dodoma, lina spika mbili juu ya paa, linapiga kwaya kwa kelele. Sikulijali. Siku hizi kila kitu kina gari la matangazo: sabuni, dawa ya minyoo, mhubiri mgeni. Kwaya ikakatwa, na aliyefuata kusema ulikuwa wewe.

"Mimi naitwa Apolinari, mkulima, natokea huku milimani, juu ya Mlali. Nilikuwa sioni. Leo naona. Nawashukuru sana madaktari."

Ilikuwa sauti yako kabisa, Mjomba, pamoja na kile kikohozi chako kidogo kabla ya kusema jambo la maana. Fideli aliachia gunia likaanguka. Mama mmoja aliyekuwa anachambua vitunguu pembeni yetu akasema, "Jamani, babu wa watu kapona. Mungu mkubwa."

Nikamwambia, "Huyo babu kafa, mama. Na amekufa haoni hata moto wa jiko lake."

Akanitazama kama mtu aliyekutana na mwehu, akavuta sinia lake la vitunguu karibu na miguu yake. Gari likaenda zake, nawe ukaenda nalo, ukiwaambia watu wa vibanda vya mahindi ya kuchoma kwamba unaona.

Ndiyo maana naandika, na naandika wazi. Anayejua kusoma asome, na asiyejua asomewe. Jina la kliniki silitaji, kwa sababu wameshalibadilisha na nikitaja la zamani watasema si wao. Wamebadilisha jina, wamebadilisha rangi ya geti, wamebadilisha hata daktari. Kitu ambacho hawakuona haja ya kukibadilisha ni wewe.

Nakumbuka nilivyokuwa nakuongoza jioni bila kujua kwamba nakuongoza. Tulikuwa tukitoka shambani jua likiegemea mlima, unanitanguliza kwenye ile njia nyembamba ya kando ya bonde, unaniambia, "Ongea. Usinyamaze, we mwana, ongea." Nikawa naongea. Nilikueleza habari za shule, za padri aliyeanguka na pikipiki, za mbwa wa jirani. Nilijiona mtoto mwenye hadithi tamu kupita wote, maana mjomba wangu mkali hakuchoka kunisikiliza. Ilinichukua miaka kujua kwamba ulikuwa unafuata sauti yangu. Jua likishapungua ulikuwa huoni njia, na hukutaka mtu ajue.

Mchana ulikuwa mtu mwingine. Ungeinama kwenye kabichi ukamwona kiwavi mdogo chini ya jani, ukamtoa kwa kucha. Lakini mbuzi akisimama ubavuni mwako humwoni, mpaka umkanyage. Tulikucheka sana. Uliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango: kilicho mbele ya tundu unakiona vizuri, kilicho pembeni hakipo. Na kwa tundu hilo ulilima, ulijenga nyumba, ulichagua mbegu na ulimtambua kila mtu aliyekuja kukusalimia.

Kisha tundu hilo likaja na kwangu. Nilikuwa kiwandani mjini wakati huo, zamu ya mchana, nikaanza kugonga marobota ya pamba yaliyokuwa wazi kabisa mbele za watu. Msimamizi akadhani nimelewa. Muda si mrefu kiwanda kikauzwa, mwenye mali mpya akatupunguza, na mimi nikawa wa kwanza. Nikarudi kwako mlimani, kwenye shamba la ukoo wa mama, nikijua kwamba mtu wa kwetu hata afukuzwe wapi, kwa mama yake hafukuzwi. Ulinipokea bila kuniuliza. Siku ile ile jioni ulinitanguliza njiani, tukajikwaa wote wawili, tukakaa chini na kucheka mpaka machozi.

Daktari wa macho wa hospitali ya serikali ndiye aliyetueleza. Alikuwa mama mmoja mtaratibu. Aliuliza habari za wajomba, na mjomba wa mama, akatikisa kichwa. Akasema ni ugonjwa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwamba seli zake zinakufa polepole kuanzia pembeni, na kwamba kwetu unapitia kwa akina mama unaangukia watoto wao wa kiume. Njiani kurudi ulisema, "Basi ni kama shamba." Ulisema kwa utulivu, nami sikujua nicheke au nilie. Kwetu shamba hupitia kwa mama. Kumbe na giza nalo lilijua njia hiyo hiyo.

Ulimuuliza daktari kama kuna dawa. Akasema kwa sasa hapana. Hakutupa hata vidonge vya kutuliza moyo. Nilimkasirikia siku ile. Leo nampa heshima yake yote, kwa sababu ndiye mtu pekee katika habari hii aliyetuambia neno baya ambalo lilikuwa kweli.

Halafu ikaja redio. Zamani tulikuwa na redio moja, na ikidanganya ilidanganya nchi nzima kwa pamoja. Sasa kila mwenye mnara ana redio yake na uongo wake. Ukawa unasikiliza kipindi cha afya kila asubuhi ukimenya ndizi. Wakamleta mtu mwenye sauti laini akasema kuna sayansi mpya, inaitwa seli shina. Akasema mwili una seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa chochote. Wanazitoa mafutani tumboni mwako mwenyewe, wanazizungusha kwenye mashine, wanazidunga jichoni siku hiyo hiyo, nazo zinajua zenyewe pa kwenda na cha kutengeneza. Upofu wa kurithi, presha ya macho, macho ya uzee, yote. Mtangazaji akawa anaitikia "Aisee! Aisee!" kama mtu anayelipwa kwa kila aisee, na naamini alikuwa analipwa.

Ukoo ukakaa. Hakuna hata mmoja aliyekulazimisha, nakubali. Walichanga, na habari za fedha sitaki kuzitaja, fedha zinatafutwa. Waliona vijana wawili wa ukoo, mimi na Fideli aliyekuwa bado anasoma, tunaelekea gizani, na hapa kuna watu wa koti jeupe wanasema wana dawa. Wakataka tuanze sisi vijana. Hapo ndipo uliposimama.

Na hapa ndipo ninapokugombeza, Mjomba.

Kwetu pombe haipokelewi hivi hivi. Mwenyeji huonja kwanza, mbele ya wageni, ili wajue haina kitu. Wewe ulilifanya jambo hilo kwa kila kitu. Uyoga ulionja kwanza. Maji ya kisima kipya ulionja kwanza. Padri mgeni alipoleta jibini kutoka kwao ulilionja kwanza, ukasema limeoza, ukatukataza. Basi ukasimama mbele ya ukoo, ukakohoa, ukasema, "Hakuna mtoto atakayedungwa kabla yangu. Nitaonja mimi. Likiwa jema, waje."

Wakapiga makofi. Nami nilipiga. Nani asingepiga makofi kwa neno kama hilo?

Lakini pombe mbaya mtu huitema, Mjomba. Jicho unalitema vipi?

Walikudunga yote mawili siku moja. Yote mawili! Mtu akijaribu mbegu asiyoijua huipanda tuta moja pembeni, haling'oi shamba zima. Wewe mwenyewe ulinifundisha hilo kabla sijaota ndevu. Na wale waliosoma, wale wenye mashine na vyeti ukutani, hawakulijua, au walilijua na hawakujali. Nilipokuja kukuona walikuwa wamekufunga bandeji macho yote, umekaa kwenye kiti cha plastiki, unatabasamu upande usio na mtu. Ukaniuliza, "Umekuja na Fideli?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Asiogope. Haiumi sana."

Kesho yake wakafungua bandeji. Uliniambia baadaye ilivyokuwa: uliona weupe mwingi, kama ukungu wa asubuhi kule juu, weupe kila upande, hata pembeni ambako hukuwa umeona kitu kwa miaka. Wakakuambia huo ndio mwanzo wa kuona. Wakakuletea kinasa sauti. Kwa hiyo hukusema uongo, Mjomba, na yeyote anayesema ulihongwa aje aniambie usoni. Uliambiwa weupe ule ni kuona, ukaamini, ukawashukuru kwa adabu zako zote. Adabu zako ndizo walizozinasa.

Ukungu haukuondoka. Yakaja maumivu, jicho la kulia kwanza, na la kushoto likafuata. Ulisema kuna pazia jeusi linashuka. Tulipokurudisha kliniki walisema seli zinafanya kazi, uvumilie. Tukarudi tena wakasema pengine hukufuata masharti. Mara ya tatu mlinzi alituambia daktari amesafiri. Tukakupeleka kwa yule mama wa hospitali ya serikali. Akakuangalia kwa taa yake muda mrefu, akazima taa, akakaa. Akasema utando umebanduka macho yote mawili, umevutwa na kovu, na haurudi.

Nikamuuliza kwa hasira kama hizo seli shina ni uongo tangu mwanzo. Akasema hapana, na huyu mwanamke namshukuru kwa kutonidanganya hata nilipotaka kudanganywa. Akasema seli shina zipo, na huko nje kuna watafiti wanaohangaika nazo usiku na mchana. Lakini wanazilea kwanza maabara, kwa muda mrefu, mpaka zijifunze kuwa seli za retina. Kisha wanajaribu kwa wagonjwa wachache, jicho moja tu, tena lile lililo bovu zaidi, na mgonjwa halipishwi, kwa sababu bado hawajui kama zinafaa. Kuchota mafuta ya tumboni na kuyadunga jichoni siku hiyo hiyo si kazi hiyo.

Nilikueleza tena kwa lugha yetu tukiwa njiani. Nilikuambia miche ya kabichi hulelewa kitaluni, mtu hatupi mbegu kwenye majani marefu akangojea kabichi. Nawe ukacheka. Ukasema, "Hata kitalu hawakuwa nacho wale." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako makali kuliko yote juu yao. Mimi nina makali zaidi.

Ukasema na jambo jingine. Ulinishika bega pale kwenye kona ya kwanza ya kupanda mlima, ukasema, "Sasa tumejua. Wewe usiende. Na Fideli asiende." Ulisema kama mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Sikukujibu. Nakujibu leo. Nani alikutuma? Sikukuomba uninunulie jibu kwa macho yako. Ningekuwa na mjomba anayechungulia dunia kwa tundu, anayekanyaga mbuzi, anayemtoa kiwavi kwa kucha, ningetosheka naye. Nimekukasirikia miaka mitatu, na hasira yenyewe ni mapenzi matupu, ujue hivyo.

Hukurudi shambani. Ulikaa ndani kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, kwa sababu ulisema mlango hauna faida. Masika yakakuta kifua chako kimedhoofika. Cheti kinasema homa ya mapafu. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu, na wakubwa wa ukoo wakaitikia kwa vichwa, wakifurahi kwamba kuna wa kubebeshwa lawama. Hakuna aliyetaja sindano. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, mtu wa afya wa kata alikuwapo, hata jirani yetu mmoja, aliyekwenda mjini akatuletea anwani ya ile kliniki ya redioni, alikuwapo, amevaa tai.

Watani ndio waliosema. Mungu awabariki watani wetu. Tulipokuwa tunakujengea kaburi wakaja na vurugu zao kama kawaida, wakalala shimoni wakisema haliwatoshi, wakadai chai. Kisha yule Bi Modesta, mtani wetu asiye na haya, akajifunga shuka jeupe, akachukua pampu ya baiskeli. Mwenzake akajilaza juu ya jamvi akilia, "Daktari, sioni!" Bi Modesta akamkalia tumboni, akampiga pampu ya kwanza jichoni, fyuu.

"Unaona?"

"Sioni, daktari!"

"La pili hilo, fyuu! Unaona sasa?"

"Naona! Naona, daktari! Namwona marehemu babu yangu, ananiita!"

Watu walicheka wakashika matumbo. Mama yangu, dada yako, alicheka kwanza, kisha akalia vibaya sana, akashikwa. Yule mwenye tai alitazama viatu vyake. Katika nchi nzima, Mjomba, na wizara zake na mabaraza yake na mihuri yake, mtu aliyetamka mbele za watu kilichokupata ni mwanamke mwenye pampu ya baiskeli, na aliweza kwa sababu mtani hashitakiwi.

Wananiambia nisiseme hivi, soko huria limetuletea mengi. Sikatai. Karoti zetu zinafika Dar es Salaam, nina simu mfukoni, na duka la Mlali lina sukari kila siku. Mimi si mmoja wa wale wanaolilia foleni za zamani. Lakini aliyefungua milango yote alipaswa kubaki hata na mlinzi mmoja wa kuuliza anayeingia amebeba nini. Tukaambiwa kila mtu yuko huru kufanya biashara. Hakuna aliyetuambia kwamba jicho la mjomba wangu nalo limeingizwa sokoni.

Nilikwenda mjini, Mjomba, kwenye kliniki yao, siku mbili baada ya ile ya Dumila. Fideli alinishika mkono kwenye barabara kubwa, maana magari ya pembeni siyaoni tena. Mapokezi kulikuwa na binti mmoja mwenye heshima, akaniamkia. Nikamwambia nimekuja wazime sauti ya marehemu.

"Huyo mzee alikubali mwenyewe kurekodiwa, baba."

"Mlimwambia kwamba mtaitumia akishakufa kwa sababu yenu?"

"Hilo mimi sijui. Mimi mgeni hapa."

"Mwite mwenyeji."

"Amesafiri."

Wakati wote huo Fideli alikuwa nyuma yangu, amegeukia ukuta. Nilidhani ana hasira kama mimi. Kumbe alikuwa ameuelekeza uso kwenye bango lililobandikwa pale, anasoma neno moja moja kwa tundu lake: macho mapya, tiba ya kisasa, karibu Jumamosi. Tulipotoka nje akaniambia jina lake limeshaandikwa. Mama yake ndiye aliyeliandikisha.

Damu ilinipanda. Nilifika kwa Skola kabla sijala. Nikakuta wakubwa wa ukoo wameshakaa uani, kibuyu cha pombe katikati, wananingoja. Skola hakuwa na kiburi. Alikuwa analia tangu asubuhi. Akasema, "Kaka, mke wa Fideli, Ana, ana mimba kubwa, na mwanangu anagonga milango. Nifanyeje? Nikae tu?" Wakubwa wakasema zamani ilikuwa daktari mwingine, huyu wa sasa ni mwingine, pengine ameboresha. Kisha mmoja wao akakisogeza kibuyu kwangu, akasema, "Sasa wewe ndiye mjomba. Ukiona mashaka, tangulia wewe. Onja, kijana afuate."

Nikakirudisha kibuyu mbele yao bila kukigusa. Nikasema, "Kilishaonjwa. Aliyeonja tumemzika. Mnataka wangapi ndipo muamini ni sumu?"

Palikuwa na makelele, Mjomba. Niliitwa mwoga, niliitwa mchoyo wa mwili, mtu mmoja akasema kiwanda kilinifundisha ubinafsi. Nami nilijibu kila mmoja, na sijutii hata jibu moja. Lakini Fideli hakupiga kelele. Alingoja wakachoka, akaniambia taratibu, "Anko, wewe wanao umeshawaona. Mimi wangu bado."

Kijana ana miaka ishirini na kitu, mtoto wake anakuja, na mimi namwambia akae na giza lake.

Nikamwita, nikamkalisha mbele yangu karibu, magoti kwa magoti. Nikamuuliza, "Ukinitazama hivi, unaona nini?"

"Naona macho yako na pua na mdomo. Masikio hayamo."

"Uso wangu ni mkubwa. Wa mtoto mchanga ni kiasi gani?"

Nikakunja ngumi nikamwonyesha.

"Huo utauona wote, Fideli. Utauona mwezi ujao, na mwaka ujao pia, tundu lako bado linatosha. Ukienda Jumamosi, huenda hata huo usiuone. Sikuahidi kwamba utapona. Yule mama wa hospitali akisikia kuna majaribio ya kweli, atatuita, na huenda asituite katika maisha yetu. Nakuambia tu usiwape kilichobaki."

Wakubwa wakaanza kuaga mmoja mmoja, wakikichukua kibuyu chao.

Jumamosi gari lao lilikuja kuchukua wagonjwa, likapiga honi pale barabarani chini. Wewe ulikuwa spikani kama kawaida, unawashukuru madaktari. Fideli alikuwa anapalilia njegere kwenye tuta la juu. Alinyoosha mgongo, akasimama ameshika jembe, nami nikimtazama. Likapiga honi tena. Akainama, akaendelea kupalilia. Walipanda wengine watatu, mmoja ni mwalimu. Niliwakimbilia, nikajikwaa, nikafika gari limeondoka.

Kwa hiyo hawajazima, Mjomba. Nimeandikia kata, nimeandikia wilaya, nimeambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Nitaendelea kuwasumbua mpaka wakunyamazishe au wanizike. Na kila gari hilo likipita soko nililopo, nasimama juu ya kreti, nasema kwa nguvu kwamba mwenye sauti ile ni mjomba wangu na alikufa kipofu. Wananiita mwehu wa karoti. Wengine wananicheka, lakini juzi mama mmoja alimvuta mumewe mkono wakarudi nyumbani.

Ana amejifungua alfajiri ya leo. Nilikuwapo mlangoni Fideli alipopewa mtoto. Alimwinua karibu kabisa, pua kwa pua, akawa anamsogeza polepole, kushoto, kulia, kama mtu anayesoma. Alikaa hivyo mpaka mkunga akataka kumchukua. Kisha akaniita.

"Anko, njoo uone. Nayaona na masikio."

Lala salama, Mjomba. Sina maneno ya kukuomba radhi wala ya kukushukuru yanayotosha.

Ni mimi mpwa wako, wa kwa dada yako,
juu ya Mlali.